Miguu ya Mwanangu

Mwaka ule tulikula mbegu. Usiniulize tarehe. Muulize mtu yeyote wa milima yetu ya Kilosa mwenye umri wa kukumbuka, mwambie "mwaka wa mbegu," utaona anavyotazama viganja vyake. Tulikaa na viganja vyekundu wiki nzima, wakubwa kwa watoto, kama tumetoka kuchinja. Mvua ilikuja, ikatudanganya tukapanda, ikakata. Kisha tukaletewa mbegu ya kupanda upya, mahindi mazuri, punje zimelingana, yamepakwa dawa nyekundu ya kuzuia wadudu. Tukaambiwa hii si chakula, hii ni sumu, hii ni ya shambani. Tukaitikia ndiyo. Tukaenda nayo nyumbani tukaiosha.

Hutampata anayekubali kwamba alikula. Mimi nakubali. Niliosha maji saba. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili hivyo hivyo, ya tano yakawa pinki, ya saba bado yana rangi kidogo, nikasema basi, watoto wananitazama. Nikachemsha, nikamwaga, nikachemsha tena. Kuku wa jirani alikunywa maji niliyomwaga nyuma ya jiko akafa mchana ule ule. Sisi tulikula, tukalala, tukaamka. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kitu hiki ni dawa na kile ni sumu, namtazama tu.

Mwanangu alinikuta kwenye kuosha. Alikuwa anatoka Mikumi, alikokuwa na banda la chakula pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani, na mgongoni ana mtoto wake wa kike wa miaka miwili. Sikumtambua. Niliona mwanamke anapanda mlima anasimama kila hatua kumi, nikasema moyoni, huyu mgonjwa anakwenda kwa nani? Akaja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za Mikumi?"

"Nzuri."

Kisha akaanguka kando ya beseni, mtoto mgongoni.

Nawaomba mlishike hilo neno, nzuri. Kwetu mtu hawezi kuanza na ubaya. Nyumba inaweza kuwa imeungua, maiti iko ndani, ukiulizwa habari unasema nzuri, kisha ndiyo unasema "ila." Asiyesema nzuri kwanza hakulelewa. Mimi nilimlea mwanangu vizuri mno.

Na lazima niseme alikuwa nani kwangu. Nilizaa wanaume wanne na mwanamke mmoja. Kwetu ukoo unapita kwa mwanamke. Watoto wa wanangu wa kiume ni wa koo za mama zao. Kwa hiyo wale wanne nawapenda, wananiletea sukari, lakini mlango wa ukoo wangu ulikuwa yule mmoja, na sasa na kale kasichana kalikokuwa kanalia juu ya mgongo wake.

Hospitali ya mjini walimpima, wakampima na mtoto. Wote wawili. Sitaeleza nilivyoteremka ule mlima siku ile.

Wakati huo vidonge vilikuwa vimeanza kutolewa bure. Lakini havikutolewa hivi hivi. Mgonjwa alitakiwa aje na ndugu wa kumsimamia, na wote wawili mkae darasani siku tatu. Mimi niliyeishia darasa la nne nikarudi darasani uzeeni. Nesi aliyetufundisha alikuwa mama mnene, mpole, mwimbaji wa kwaya. Alisema vidonge vinanywewa asubuhi na jioni, saa ile ile, mpaka kufa. Alisema havimalizi virusi, vinavifunga. Akasema kimoja katika vile, kinaitwa stavudini, kina maudhi yake: "Miguu ikianza kuwaka moto, mje mseme. Uso ukianza kukonda, mje mseme. Msikae nayo." Tuliambiwa. Sitamsingizia mtu. Tuliambiwa kwa Kiswahili na tukaitikia.

Na vidonge vilifanya kazi, nalo hilo siwezi kulificha. Mwezi wa pili aliniomba ugali. Mwezi wa nne alikwenda kuchota maji, akarudi na ndoo kichwani anaimba, na mimi niliyekuwa nimeshaitafuta sanda kimoyomoyo niliingia ndani nikafunga mlango nikalia kwa adabu. Mwaka haukuisha alikuwa amerudi Mikumi kwenye banda lake, mtoto akabaki kwangu. Mtoto naye alikuwa na dawa zake za maji, za chupa, chungu. Nilimshika pua akameza.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na lilikuwa la aibu, si la ujinga. Mwanangu hakutaka kuhamishia faili lake Mikumi. Dereva wa lori akikuona kwenye dirisha la vidonge, hali tena wali wako. Kwa hiyo faili likabaki Kilosa, na kila mwezi mimi niliteremka mjini kumchukulia vidonge, nikapanda basi la Mikumi kumpelekea. Nilikuwa mguu wake na mdomo wake. Dirishani nesi yule yule aliniuliza, "Habari za mgonjwa, mama?" Nami nikajibu kama nilivyolelewa: "Nzuri." Akaandika. Nyuma yangu foleni imefika kwenye mti wa nje. Akaniwekea kopo mkononi, nikasema asante, nikaondoka.

Mwaka wa pili wa vidonge nilimkuta amekaa nyuma ya banda, miguu imo ndani ya ndoo ya maji.

"Una nini?"

"Joto tu, mama."

Lilikuwa joto kweli, Mikumi joto lake unalijua. Lakini mwezi uliofuata kulikuwa na mvua, na miguu imo ndani ya ndoo. Akaniambia ndipo. Alisema nyayo zinawaka kama amekanyaga majivu yenye moto chini, kwamba usiku hata kanga ikigusa vidole anapiga kelele. Alianza kutembea kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu, mikono imetanuka. Na uso ulikuwa unakwisha. Si kukonda kwa njaa, ninakujua kukonda kwa njaa. Mashavu yaliingia ndani, mikono na miguu ikabaki mishipa kama ya mzee, lakini tumbo likaongezeka na nyuma ya shingo pakaota nundu. Kama mtu ameondoa nyama huku akaiweka kule bila kuuliza mwenyewe.

Watu wa barabarani hawana huruma. "Mama Wali amekanyaga miwaya," walisema, ndiyo namna yao ya kusema ana ngoma. "Mama Wali, nani amekunyonya mashavu?" Naye alikuwa na mdomo, mwanangu, hakuwa mnyonge. "Deni lako ndilo limeninyonya! Leta sahani!" Wakacheka wakala.

Pale Mikumi kuna nyani wezi. Siku moja nipo, nyani dume alikuja akakaa juu ya benchi kama mteja. Mwanangu akachukua mwiko akainuka. Akapiga hatua tatu kwa visigino, akasimama, uso umekunjamana. Nyani akamtazama miguu. Nasema alimtazama miguu, nilikuwepo. Kisha akaja taratibu, hana haraka, akachukua andazi, akachukua la pili, akaondoka anatembea. Madereva walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mwanangu naye alicheka. Baadaye, nyuma ya banda, akaniambia:

"Mama, vidonge hivi siviwezi. Naacha."

"Huachi."

"Vinaniua miguu."

"Afadhali vikuue miguu kuliko ngoma ikuue wewe. Una mtoto."

"Basi kawaambie wanibadilishie. Nesi alisema tuseme."

"Nitasema."

Sikusema. Sasa naandika hapa kwa mkono wangu kwamba sikusema. Kulikuwa na mwanamke wa kitongoji chetu aliyelalamika vipele, wakamsimamishia dawa ili wachunguze, akafa akichunguzwa. Niliogopa. Nikafikiri, nikisema miguu inawaka, watatunyang'anya kopo. Kopo ndilo lililomnyanyua kando ya beseni. Mtu uliyekwisha kumzika moyoni akarudi, utamchezea? Nikafika dirishani, nimejiandaa maneno njia nzima. Nesi akainua macho, amechoka, akatabasamu: "Habari za mgonjwa, mama?"

"Nzuri."

Ilitoka yenyewe. Na "ila" yangu ikabaki kooni, na nyuma mtu ananisukuma na kikapu.

Miezi mingapi? Niliacha kuhesabu. Nikifika Mikumi aliniuliza, "Umesema?" nikajibu, "Wamesema uvumilie." Nilimdanganya mwanangu anayeungua. Kisha nilikaa mbele yake na kopo, asubuhi na jioni siku zote nikiwa huko, nikamwambia, "Meza nione. Fungua mdomo. Inua ulimi." Kama mtoto. Naye alifungua mdomo, akainua ulimi, macho yake yananitazama. Hakutupa hata kimoja. Nasema hili kwa sababu wapo waliokuja kusema alikuwa mtoro wa dawa. Mwanangu hakuwa mtoro. Alimeza vyote, nilisimamia.

Mwisho wake haukuwa wa miguu. Alianza kutapika, nikadhani malaria. Akaanza kuhema. Amekaa tu kitini, anahema kama mtu aliyepanda mlima wetu mara mbili na gunia. Nilimleta Kilosa kwa basi, kichwa chake mapajani mwangu. Daktari alikuwa kijana. Alipima, akapima tena, akaniita pembeni. Akasema damu ya mwanangu imejaa tindikali. Nikamuuliza tindikali ni nini, akatafuta neno, akasema, "Damu imechacha, mama. Kama uji." Akauliza: "Hakuwa na dalili kabla? Miguu? Kuchoka? Hapa kwenye faili kila mwezi pameandikwa hana tatizo."

Nilitazama lile faili. Maandishi ya nesi, mazuri, yamelala upande mmoja. Nzuri, nzuri, nzuri, mpaka chini ya karatasi.

Alihema siku mbili. Kisha akanyamaza.

Maiti kwetu haizikwi bila watani. Watani ni watu wa kabila jingine waliopewa ruhusa na mababu kututukana tukiwa tunalia. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaotuchekesha ili tusife na maiti, na hairuhusiwi kuwakasirikia. Aliyekuja kwetu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti, anayejulikana milima yote kwa kuigiza marehemu. Alivaa kanga ya mwanangu. Akafyonza mashavu yake yakaingia ndani. Akapachika kitambaa nyuma ya shingo kuwa nundu. Kisha akatembea katikati ya waombolezaji kwa visigino, vidole juu, mikono imetanuka, "Moto! Moto jamani! Nani kawasha nyumba mimi nimo ndani?" Mwenzake akawa nyani, akakaa juu ya kinu kama mteja. "Karibu mteja! Andazi? Chukua mwenyewe, mimi mwenye duka sina miguu!"

Watu walicheka wakajishika mbavu. Walikuwa wanaijua ile hatua, maana alikuwa akija sikukuu kumwona mtoto wake, na kisa cha nyani alikisimulia mwenyewe. Wanawake wa mtoni wanaijua, watoto wanaijua, wanakwaya wanaijua. Nami nilicheka, maana ndiyo desturi, na alikuwa ameipata sawasawa kabisa, mpaka ile namna ya kusimama kwenye hatua ya tatu. Nikiwa katikati ya kicheko, likaniingia. Huyu mtani wa mbali anaijua miguu ya mwanangu. Kijiji kizima kinaijua. Nyani wa Mikumi waliijua. Hospitali ndiyo haikuijua, na mdomo wa kuiambia ulikuwa wangu.

Kicheko kilikatika, na sijakimalizia mpaka leo.

Siku ya tatu nesi yule wa dirishani alipanda mlima kuja kunipa pole. Mtu mzima, mnene, amepanda kwa miguu, nampa heshima yake. Alivua viatu mlangoni, akakaa nami mkekani, akanishika mkono.

"Pole sana mama. Habari za hapa?"

Midomo yangu ilishajiandaa. Niliihisi ikitanuka yenyewe kulitamka. Nikaifunga.

"Nzuri sisemi. Uliza miguu."

Akadhani ni majonzi. Akanipapasa bega, akasema, "Mungu atakutia nguvu," kisha akaanza tena taratibu: mmeamkaje, watoto je. Ndugu zangu wakanikonyeza. Dada yangu mkubwa akanong'ona, "Mjibu mgeni, usitutie aibu." Nikamweleza nesi yote, ndoo, nyayo, nundu, kudanganya kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika uso na kanga.

"Mama," akasema, "kilikuwepo kingine. Ungesema, tungembadilishia siku ile ile."

"Sikusema," nikamwambia. "Nawe hukuuliza miguu."

Aliondoka jua likiwa bado juu. Alistaafu baadaye, nasikia.

Nilimlea mjukuu. Nilimwambia mwenyewe kilichomo ndani ya damu yake alipokuwa darasa la tano, nikamwambia na mama yake alivyokufa, bila kupamba. Hakulia. Aliuliza maswali. Ana maswali yule mtoto, tangu udogo anamuuliza kuku kwa nini unataga. Leo anavaa koti jeupe Morogoro, kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo, na nitajivuna mpaka mniambie nyamaza. Mwenye ukoo wangu anavaa koti jeupe. Wafugaji wa bondeni ng'ombe wao wakiota mapele mwili mzima, vipande vya ngozi hupelekwa kwa watu kama yeye. Wanachukua chembe hai za mnyama, wanazikuza kwenye visahani vya plastiki, wanazilisha, zinazaana humo humo bila mnyama mwenyewe. Kisha wanazitia ugonjwa, kisha wanazitia dawa, wanatazama nani anashinda.

Msimu wa mvua uliopita alikuja likizo kwa treni ya umeme. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Akakaa chini karibu yangu.

"Mke mwenza," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "umeniletea nini?"

"Nimekuletea picha, bibi." Akatoa simu. "Mwalimu wetu wa maabara alituruhusu kujaribu dawa za zamani za jamii moja, tuone zinavyofanya kwa virusi na kwa chembe. Nikaomba na ile ya mama."

Nikaweka chini ukindu niliokuwa nasukia.

Akanieleza. Alisema kirusi kinajiandika upya kila kinapozaa, na maandishi yake ni kama huu ukili: unachomeka ukindu, unasuka, ukikaribia kwisha unachomeka mwingine kwenye mkia wake. Dawa ile ni ukindu wa uongo. Rangi ni ile ile, upana ni ule ule, mkono wa kirusi hauwezi kuutofautisha. Lakini umekatwa mkia. Ukishasukwa ndani, hakuna pa kuchomeka mwingine. Ukili unaishia hapo.

"Ndiyo maana alinyanyuka," nikasema.

"Ndiyo maana alinyanyuka. Zipo dawa nyingi za namna hiyo, bibi, kila moja imekatwa kwa namna yake. Wengine maabara kwetu tunazitumia kujua kirusi cha ng'ombe ni cha aina gani: kikishindwa kusuka, tunakijua." Akaipekua simu. "Ila ndani ya kila chembe yetu kuna majiko madogo, ndiyo yanayowasha moto wa kuishi. Nayo yana ukili wake, mfupi. Na msukaji wake naye hautofautishi ukindu wa uongo."

Akanionyesha picha. Visahani viwili. Ndani ya kimoja maji pinki. Ndani ya kingine maji ya njano kama mkojo.

Nikaishika simu mwenyewe. Ile pinki naijua. Ni ya maji yangu ya tano.

"Hayo maji ni chakula cha chembe," akasema. "Yanatiwa rangi ili tujue hali yao. Yakiwa pinki hivi, wako sawa. Hawa wa njano ndio niliowawekea dawa ya mama siku nyingi. Majiko yao yamezimika, wanaishi kwa kuchachisha. Tindikali ndiyo inageuza rangi."

"Wamekufa?"

"Hapana. Ukiwatazama kwa hadubini utasema wazima. Wanakua polepole tu. Asiyetazama rangi atasema hawana tatizo."

Nikamrudishia simu yake. Miaka yote nilimbeba mwanangu kwa neno la kijana daktari, damu imechacha, na sasa nimeiona kwa macho, ndani ya sahani ndogo kuliko kisoda cha chupa kubwa, na aliyenionyesha ni mwanawe.

Ndipo nikaona. Alikuwa amevua viatu, na anazisugua nyayo zake moja kwa nyingine, pole pole, kama mtu asiyejua anachofanya. Na kile kibuyu cha maji nilichokuwa nimekijaza asubuhi kilikuwa kitupu. Tangu afike alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe wa bondeni.

"Habari za miguu?" nikamuuliza.

"Nzuri, bibi."

Nilimpiga kofi. Si kubwa. La begani. Kwa umri wake na koti lake jeupe, nilimpiga.

"Rudia."

"Bibi jamani!"

"Nimesema rudia. Miguu."

Alitazama chini. Akasema inafanya kama sisimizi, tangu miezi kadhaa. Kwamba kiu haikatiki, kwamba anaamka kwenda haja mara nne. Kwamba vidonge anavyokunywa siku hizi ni vipya, si ndugu wa kile cha mama yake, vizuri, kimoja tu kwa siku, na wengi wanavimeza bila shida. "Nitasemaje mimi, bibi? Mimi ndiye ninayewaeleza wenzangu kwamba hizi mpya hazina yale mambo. Inawezekana ni sukari tu. Inawezekana si dawa. Watasema najitafutia ugonjwa."

"Kliniki unawaambiaje?"

Akavuta viatu vyake akaanza kuvivaa. Jibu nililijua. Nilimlea vizuri mno.

Faili lake liko Kilosa, lile lile dirisha, hakuwahi kulihamisha. Naye ana aibu zake za Morogoro. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa kesho yake. Nikamwambia tunakwenda wote.

"Bibi, mimi mtu mzima."

"Mama yako naye alikuwa mtu mzima."

Tulichukua bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma yangu, magoti yangu yanalia. Dirisha sasa wamelipaka rangi na foleni ina mabenchi. Nesi ni binti mdogo, kucha nzuri, haandiki kwenye karatasi, anagusa kioo. Mjukuu wangu akakaa mbele yake amenyooka kama yuko kanisani. Kabla hajafungua mdomo nikasogeza kiti changu nikakaa mimi karibu zaidi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Za nyumbani?"

"Nyumbani salama. Mbuzi kazaa."

"Hongera bibi. Na huyu mjukuu, habari yake? Nzuri eeh?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo, kinasubiri kushuka. Chini ya meza mjukuu wangu alinikanyaga.

"Nzuri sisemi. Uliza miguu."

Kidole kikabaki hewani. Kwenye benchi mzee mmoja akacheka, "Huyu bibi ni mtani nini? Jibu salamu, mama, tukale!" Mwingine akadakia, "Salamu tu imemshinda, dozi ataiweza?" Wakacheka. Mjukuu wangu ameinamisha kichwa, shingo yake imeloa jasho, nami nikaitazama ile shingo, nyembamba, nzuri, haina nundu, mlango wote wa ukoo wangu.

Yule binti alitabasamu kwa adabu, kama wanavyotutabasamia wazee. Akafuta kioo kwa kiganja.

"Haya bibi, tuanze upya. Habari za mjukuu?"

"Nzuri sisemi. Uliza miguu."